Jinsi sukari inavyowajengea ngome bakteria wa meno

MATE ni mlinzi wa kwanza wa kinywa. Mbali na kulainisha chakula, yana vimeng'enya vinavyopambana na bakteria usiku na mchana. Hata hivyo, meno ya wengi huoza, hususan ya watoto. Sababu mojawapo ni ngome ambayo bakteria hujijengea kutokana na sukari tunayokula.

Miongoni mwa vimeng'enya hivyo ni lisozimi, ambayo mwanasayansi Alexander Fleming aliitangaza mnamo 1922, miaka sita kabla ya kugundua penisilini. Kazi yake ni kukata ukuta wa seli ya bakteria hadi seli hiyo ipasuke. Kimeng'enya kingine, laktoperoksidesi, husaidia kuzalisha kemikali inayozuia bakteria kutumia sukari.

Adui mkuu wa meno ni Streptococcus mutans, bakteria aliyetambuliwa nchini Uingereza mnamo 1924. Anapopata sukari ya kawaida, ile ya chai na peremende, hufanya mambo mawili. Kwanza, huichachusha na kutoa asidi inayoyeyusha madini ya gamba la jino. Pili, huunganisha chembechembe zake kuwa minyororo mirefu iitwayo glukani.

Aina moja ya glukani haiyeyuki katika maji. Hunata kwenye jino mithili ya gundi na kuwazingira bakteria kwa utando mzito. Lisozimi hupenya humo kwa shida, na huweza kunaswa njiani kabla ya kuwafikia walengwa. Mate nayo hushindwa kuizimua asidi iliyofungiwa ndani, na jino huanza kudhoofika.

Ndiposa kusukutua kinywa kwa dawa pekee hakutoshi: dawa nayo hukabiliwa na kizuizi hicho hicho. Wanasayansi wamejaribu vimeng'enya vya kukata glukani, kama vile dekstranesi na mutanesi, ili kuubomoa utando huo kwanza.

Kwa sasa, silaha ya kuaminika zaidi ni mswaki, mara mbili kwa siku, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi. La pili ni kuwanyima bakteria malighafi. Mnamo 2015, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ya mtu kwa siku.

Mzazi anayepunguza kijiko cha sukari katika kikombe cha mwanawe huwa amewapunguzia bakteria matofali ya kujengea ngome.