Gobore la kulinda mahindi lisikuangushe wakati wa baridi

JUNI na Julai ni miezi ya baridi kali Njombe na Mufindi, na ndiyo miezi ambayo mahindi hukaukia shambani. Usiku huja nguruwe pori. Mkulima mwenye gobore lenye leseni, kama sheria ya silaha ya mwaka 2015 inavyotaka, hutegemea mlio mmoja tu kuwafukuza. Usipolia, jasho la msimu mzima liko hatarini.

Kinachoharibu kazi si baridi yenyewe bali unyevu. Baruti ya gobore ni takriban asilimia 75 shura, 15 mkaa na 10 salfa. Masizi yake hunyonya maji ya hewani, huganda mtutuni na kuziba tundu la fataki. Aidha, gobore lililotoka kwenye baridi likiingizwa jikoni penye moto hutoa jasho kama chupa ya soda, na kutu huanza.

Dawa yake ni rahisi. Baada ya kutumia, hakikisha gobore ni tupu, osha mtutu kwa maji ya moto siku hiyo hiyo, kausha na paka mafuta. Kabla ya kushindilia tena, futa mafuta hayo, kwani nayo huharibu baruti. Hifadhi baruti kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na moto.

Fataki ikilia bila baruti kuwaka, elekeza mtutu pasipo na mtu na usubiri walau dakika moja. Baruti yenye unyevu huweza kuwaka kwa kuchelewa.

Kwa hesabu ya mkulima, sufuria moja ya maji ya moto ni nafuu kuliko mtutu mpya au mahindi yaliyoliwa.