Mfinyanzi asilie gaeni: Tuikamue kahawa yetu jikoni

Ingia mkahawa wowote katika miji yetu ya bara, uketi, uagize kinywaji. Aghalabu utaletewa chai. Neno "mkahawa" limezaliwa na kahawa, lakini ndani ya mkahawa kahawa yenyewe ni mgeni. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiutumia mfano huu ninapofundisha uundaji wa maneno, na wanafunzi hucheka. Siku moja, hata hivyo, mwanafunzi wa kidato cha pili hakucheka. Aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, hiyo kahawa tunayoikuza ina ladha gani?" Mimi, mwana wa mkulima wa kahawa kutoka Kirinyaga, sikuwa na jibu.

Wahenga walinena kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Methali hii huwapiga chenga watahiniwa wengi, ilhali kwetu sisi wa maeneo ya kahawa ni hali ya kila siku. Siwasemi ndugu zetu wa Mombasa na Lamu. Wao wameijua kahawa vizazi na vizazi. Huichemsha katika dele juu ya makaa, huitia tangawizi, na kuinywa chungu kwa vikombe vidogo pamoja na kashata au halua. Nawasema sisi tunaoipanda.

Chanzo cha hali hii si kigumu kukitambua. Miche ya kahawa iliingizwa nchini mwaka 1893 na wamishenari wa Kifaransa, wakaipanda Bura, katika nchi ya Wataita. Baadaye serikali ya kikoloni ilimzuia Mwafrika kulikuza zao hilo. Ni katika miaka ya 1930 ndipo wakulima wachache, wakiwemo wa Kisii na Meru, waliporuhusiwa, na mlango haukufunguliwa wazi hadi baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Tangu mwanzo, basi, kahawa ilikuwa mali ya kupelekwa ng'ambo. Mkulima alifunzwa kupogoa, kupiga dawa na kuchuma matunda mekundu pekee. Hakufunzwa kuonja. Hata leo, sehemu kubwa mno ya kahawa yetu huondoka nchini ingali mbichi, ndani ya magunia, ikakaangwe kwingineko.

Nyumbani kwetu tuliyaona mazuri na mabaya ya zao hili. Baridi kali ilipoiunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ilipanda katika miaka miwili iliyofuata, na baba akaezeka nyumba kwa mabati. Mfumo wa kimataifa wa kugawa viwango vya mauzo ulipoporomoka mwaka 1989, bei ilianguka. Nilikuwa kidato cha tatu, nikarudishwa nyumbani kutafuta karo. Katika neema na katika dhiki, sikumbuki hata siku moja mtu wa nyumba ile kunywa kikombe cha kahawa. Tulikunywa chai.

Swali la yule mwanafunzi lilinisumbua hata nikanunua mashine ndogo ya mtumba ya kutengenezea espreso, yenye kijibomba cha mvuke ubavuni. Wenzangu katika chumba cha walimu walinicheka, wakasema nimeanza kujifanya Mwitaliano. Niliwajibu kwamba Mwitaliano hana mbuni hata mmoja nyuma ya nyumba yake.

Espreso, kwa tafsiri nyepesi, ni kahawa iliyokamuliwa. Maji yenye joto la nyuzi 90 hadi 96 husukumwa kupita katika unga laini ulioshindiliwa, kwa shinikizo la takriban mara tisa ya lile la hewa inayotuzunguka. Gramu 18 za unga hutoa kiasi cha gramu 36 za kinywaji kwa muda wa sekunde 25 hadi 30. Kikitoka upesi mno, unga ni wa chengachenga na kikombe kitakuwa kikali kwa uchachu. Kikidondoka kwa shida, unga ni laini kupita kiasi na uchungu utazidi. Juu huelea utando wa rangi ya dhahabu, unaotokana na mafuta ya kahawa na hewa ya ukaa iliyobaki katika buni tangu zilipokaangwa. Ufundi huu ulikomazwa mjini Milano na Achille Gaggia, ambaye mashine zake za mkono wa kuvuta zilianza kuuzwa miaka ya mwisho ya 1940.

Kahawa ilinitii baada ya siku chache. Maziwa ndiyo yaliyonifedhehesha. Nilidhani kwamba mtu aliyelelewa kwa chai ya maziwa hawezi kufundishwa kupasha maziwa. Kumbe chai yetu huchemka hadi ikafura, na maziwa ya kapuchino hayatakiwi kuchemka kamwe. Kwa juma zima nilipata mapovu makubwa kama ya sabuni ya kufulia juu ya maziwa yaliyonukia kuungua.

Siri niliyoigundua ni hii. Tia maziwa baridi kwenye jagi dogo la chuma, yasizidi nusu. Fungua mvuke kidogo kwanza ili maji yaliyolala ndani ya kijibomba yatoke. Kisha chovya ncha yake chini kidogo tu ya uso wa maziwa. Utasikia sauti kama ya karatasi inayochanwa taratibu. Hiyo ni hewa inayoingia. Baada ya sekunde chache, izamishe ncha zaidi na uliinamishe jagi ili maziwa yazunguke kama maji ya mto kwenye kizingia. Mkono wako ukishindwa kustahimili joto la jagi, funga. Hapo maziwa yamefikia nyuzi 60 hadi 65. Gonga kitako cha jagi mezani ili mapovu makubwa yapasuke, uyasukesuke maziwa hadi yang'ae kama rangi ya kupakia ukuta, kisha uyamimine.

Mwalimu wa sayansi ataona somo zima hapo. Mvuke unaporudi kuwa maji hutoa joto lililofichika ndani yake, na ndilo linalopasha maziwa kwa sekunde chache. Protini za maziwa huzingira viputo vya hewa na kuvizuia visipasuke. Sukari ya maziwa huhisika zaidi ulimini yakiwa moto, na ndiyo sababu mimi huacha kutia sukari. Joto likipita nyuzi 70, utamu hupotea na harufu ya kuungua huanza.

Mwalimu wa lugha naye hatatoka mikono mitupu. Kapuchino limepewa jina kwa rangi ya kanzu za watawa Wakapuchini. Late ni neno la Kiitaliano la maziwa tu, na makiato maana yake ni iliyotiwa doa. Kumbe majina yanayotutisha kwenye orodha za bei ni ya kawaida kama "chai ya rangi" na "chai ya maziwa".

Likizo ilipofika, nilikwenda kumtembelea mama. Mashine sikuibeba. Nilichukua birika dogo la Kiitaliano liitwalo moka, lililobuniwa mwaka 1933, ambalo huwekwa juu ya jiko na mvuke wake husukuma maji kupanda kupitia kahawa. Shinikizo lake ni dogo kuliko la mashine, hivyo haliwi espreso kamili, lakini kikombe chake ni kizito na chatosha. Kwa povu nilibeba chupa ya kioo yenye chujio la kusukuma, ambamo maziwa ya moto hupigwapigwa juu na chini hadi yakaumuka. Mkebe wa kahawa ulikuwa wa gramu 250, na umeandikwa kuwa ni ya Kirinyaga.

Mama aliponiona nikiyachukua maziwa yaliyotoka kukamuliwa, alinishika mkono. "Mwanangu, hayo hayajachemshwa." Alinena kweli. Joto la nyuzi 65 kwa dakika moja halitoshi kuhakikisha kwamba vijidudu vya homa ya maziwa mabichi vimekufa. Tuliyachemsha, tukayapoza, tukaondoa utando, ndipo nikayapasha upya. Yeyote anayetumia maziwa ya zizini na azingatie jambo hili.

Alikunywa polepole. Alisema kuna uchachu kama wa zambarau, ambao hakuutarajia. Kisha akauchukua mkebe, akauliza umetokana na matunda kiasi gani. Tulipiga hesabu pamoja. Kilo saba hivi za matunda hutoa kilo moja ya buni safi, na buni hupungua uzito kwa karibu moja ya sita zinapokaangwa. Kwa hiyo mkebe ule ulikuwa takriban kilo mbili za matunda. Kwa gramu 18 kila kimoja, hutoa vikombe 14. "Na mjini kikombe kimoja huuzwa pesa ngapi?" Nilimtajia bei. Mama, aliyechuma kahawa kwa zaidi ya miaka hamsini na kulipwa kwa kilo, alinyamaza kimya. Hatimaye akasema: "Hesabu hii ingefaa kufanywa kabla ya mikutano ya chama."

Sidai kwamba kikombe cha nyumbani kitapandisha bei mnadani Nairobi. Matatizo ya madeni, ya usimamizi wa vyama na ya soko la dunia hayatatuliwi kwa povu la maziwa. Hata hivyo, muuzaji asiyeijua ladha ya bidhaa yake wala safari yake hadi kikombeni huikubali bei yoyote anayotajiwa. Wateja wa ng'ambo huonja kabla ya kununua. Kwa nini anayeuza asionje?

Ombi langu kwa walimu wenzangu, hasa wa maeneo ya kahawa, ni dogo. Vyama vya kilimo na sayansi ya nyumbani shuleni viwe na birika moja la moka. Wanafunzi waonje, wapime, wapige hesabu ya mama yangu, kisha waipeleke kwa wazazi wao.

Yule mwanafunzi nilimjibu muhula uliofuata. Sikumweleza ladha kwa maneno, nilimmiminia kikombe.