Fainali ya Machakos Ina Bei Gani?

Desemba 17, 2017, katika uwanja wa Kenyatta mjini Machakos, Kenya ilitoka sare ya 2-2 na Zanzibar kwenye fainali ya Kombe la Chalenji la CECAFA, kisha ikalitwaa kwa penalti, kipa Patrick Matasi akipangua tatu. Aliyekuwa na miaka 10 siku ile leo ni mtu mzima anayejilipia tiketi, bando na jezi. Je, fainali ile ina bei kwake? Naamini inayo, na hata kumbukumbu kuukuu zaidi zinayo. Maneno “Kadenge na mpira” yangali vinywani mwa vijana ambao hawakuwahi kumwona nyota wa zamani wa soka ya Kenya, Joe Kadenge, akicheza. Klabu ya Gor Mahia ina Kombe la Mandela la 1987. AFC Leopards ilibeba ubingwa wa klabu wa CECAFA mara tatu mfululizo, 1982 hadi 1984. Gharama ya mali hiyo ilishalipwa zamani. Kampuni ya kamari ya SportPesa iliacha kuzidhamini klabu hizo mbili mwaka 2019, ila mataji hayo hayakuondoka nayo.

Atatokea wa kusema kijana wa Machakos ana Arsenal yake, ya kale hayamhusu. Basi mbona msimu wa 2003/04, Arsenal ilipomaliza ligi bila kufungwa, unasimuliwa na waliozaliwa baadaye? Ya kale anayapenda; anauziwa ya wenzake. Pingamizi zito ni la mhasibu: wachezaji wanadai mishahara, kujenga makumbusho ya nini? Hapo namuunga mkono, jengo lisubiri. Besiboli ya Marekani ina jumba lake la makumbusho Cooperstown tangu 1939, lakini haikuliachia peke yake kazi ya kuvuta vijana. Mwaka 2023 iliweka saa ya kumharakisha mrushaji. 2024 ikaingiza takwimu za ligi za Weusi katika rekodi rasmi, na Josh Gibson, nyota wa ligi hizo aliyefariki 1947, akampita Ty Cobb kwa wastani wa kupiga mpira na kurudi kwenye habari.

Klabu zetu zinaweza kuanza na jezi chache za mtindo wa zamani siku ya dabi ya Mashemeji, Gor Mahia na AFC Leopards zinapokutana, pamoja na video ya dakika moja ya kutazamwa kwenye simu. Kazi ngumu ni mgao: video ni ya kituo kilichorekodi, nembo ni ya klabu, sura ni ya mchezaji mstaafu. Makubaliano ya mgao huo yaandikwe kabla jezi ya kwanza haijashonwa, maana pesa zikishaingia kila mmoja atadai ndiye aliyefunga bao.