Mng'aro Uliotuvunja Mkono



Joto linapopungua huku Omani, familia zetu nyingi huanza safari za mchangani. Mikeka, mabirika na magunia ya mkaa hupakiwa garini, na nyuma ya gari huvutwa kitoroli kilichobeba pikipiki ya magurudumu manne, chombo ambacho vijana hukihesabu siku kwa vidole wakikingoja. Safari ya Bidiya ni zaidi ya kilomita 200 kutoka Muscat. Jumamosi jioni chombo hurudi kikiwa na rangi moja na mchanga wenyewe, na hapo kila mtu nyumbani hugeuka fundi wa kuosha: huyu ana mpira wa maji, yule ana sabuni ya vyombo, na wa tatu ameshika kopo la sprei ya kung'arishia. Tumeona ni vyema mwezi huu tulizungumze jambo hili, kwani kwetu sisi kung'arisha bila kujua kulimvunja kijana wetu mkono.

Chombo chetu tulikinunua kwa ushirika wa nyumba tatu, nacho kilikuwa kimekwisha kutumika. Siku tuliyokwenda kukitazama kilikuwa chekundu mithili ya komamanga lililopasuliwa. Wazee walisema kizuri chajiuza, nasi tulinunua bila ya kuinama kutazama chini. Baada ya kukiosha mara mbili, ule wekundu ulipauka ukawa kama kitambaa kilichoanikwa juani mwaka mzima, na chini ya madigadi tukakuta kutu iliyoambatana na chumvi kavu, dalili ya chombo kilichokuwa kikikimbizwa ufukweni na kurejeshwa uani bila ya kusuuzwa. Badala ya kujiuliza mng'aro ulikwenda wapi, tulikwenda dukani kununua sprei ya aina ile ile.

Usiku wa kuamkia safari ya Idi tukapuliza kila pahala, madigadi, kiti, vikanyagio, matairi na magurudumu yote manne, na tukajipongeza. Kesho yake, kijana wetu wa miaka 17 aliteremka tuta la mchanga ambalo si refu hata kidogo. Alipobana breki haikushika kama alivyoizoea, mguu ukateleza juu ya kikanyagio, naye akateleza kitini na kuangukia mkono. Alhamdulillahi alikuwa amevaa kofia ngumu. Kifundo cha mkono kilivunjika, akakaa na plasta wiki sita, na mitihani ya skuli akaifanya kwa taabu. Fundi tuliyempelekea chombo alipitisha kidole juu ya diski ya breki, akatuonyesha kilivyolowa mafuta, akatuuliza, "Hiki mlikuwa mnakisafisha au mnakikaanga?" Hatukuwa na jawabu.

Kwanza yapasa kufahamu ni kitu gani tunachokiosha. Madigadi na vifuniko vya pikipiki hizi kwa kawaida si bati lililopakwa rangi kama gari. Ni plastiki, na mara nyingi rangi imechanganywa ndani ya plastiki yenyewe tangu kiwandani. Kwa hiyo nta ya gari, iliyokusudiwa kulinda rangi iliyo juu ya bati, haifanyi hapa kazi ileile, na penye plastiki ya kukwaruza huacha madoa meupe yasiyotoka kwa urahisi. Kinachoiharibu plastiki hasa ni jua. Mionzi yake huvunjavunja uso wa plastiki kidogo kidogo, ukapauka na kutoa unga mweupe. Sprei ya silikoni huziba nyufa hizo ndogondogo kwa muda, mwanga ukarudi vizuri, na macho yakadanganyika hadi maji ya kwanza. Ndivyo tulivyouziwa komamanga letu. Anayetaka rangi idumu na akipe chombo kivuli, au akifunike kwa turubai lipitishalo hewa, maana turubai la nailoni likibanwa sana hufuga unyevu na kuzaa kutu.

Sprei yenyewe hatuiharamishi. Ipuliziwe kitambaa, si chombo, na kitambaa kipitishwe juu ya madigadi peke yake. Kiti, vikanyagio, mikono ya usukani, matairi na breki visiguswe.

Sasa tuje kwenye kuosha. Kosa tulilolizoea wengi wetu ni kupangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, kwa kudhani kuwa maji ndiyo kazi kubwa na kitambaa ndiyo kazi ndogo. Mchanga una chembe ngumu zaidi ya plastiki, na anayepangusa mchanga mkavu anapiga msasa. Mikwaruzo ile myembamba ya mviringo ionekanayo jua linapopiga ubavuni ni kazi ya mikono yetu wenyewe. Chombo kipoe kwanza, kwani maji baridi juu ya injini ya moto si jambo jema. Tundu la bomba la moshi lizibwe kwa mfuko (na aliyeziba ndiye akumbuke kuzibua kabla ya kuwasha, sisi tumewahi kusahau). Kisha mchanga uteremshwe kwa maji ya taratibu kutoka juu hadi chini, mpaka yanayodondoka yawe safi. Hapo ndipo dodoki na sabuni laini ya gari vifuate. Ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia dodoki, ili mchanga ubakie katika ndoo ya pili usirudi tena kwenye plastiki. Atakayetazama chini ya ndoo ile baada ya kazi atasadiki.

Mashine ya maji ya kasi vijana huipenda kwa kuwa ina vishindo. Tunaiogopa. Maji yake hupenya kwenye beringi za magurudumu yakafukuza grisi, huingia kwenye viungo vya nyaya za umeme, na hukunja mapezi membamba ya rejeta, ambayo yakikunjwa hewa haipiti na injini huchemka katikati ya mchanga mbali na watu. Asiyeweza kuiacha, basi asiikaribishe sehemu hizo.

Kichujio cha hewa kikiwa cha sponji hutolewa, kikafuliwa kwa maji na sabuni, kikakaushwa vyema, kikapakwa mafuta yake maalumu kabla ya kurudishwa. Mchanga wa Bidiya ni laini sana, na ukipita hapo hula injini kutoka ndani, mahali ambapo hakuna sprei itakayokufaeni. Chombo chenye cheni nacho kipakwe mafuta ya cheni baada ya kukauka. Hatimaye kiendeshwe polepole hatua chache huku breki ikibanwa na kuachiwa, ili diski zikauke na mtu ajue kama zinashika.

Waliokwenda baharini wasingoje kesho. Chumvi huvuta unyevu hewani, na katika majira ya joto hewa ya pwani ya Muscat imejaa unyevu, hivyo chombo kilichokaushwa na chumvi yake huendelea kuliwa usiku kucha kikiwa kimesimama. Maji matamu yapitishwe siku ile ile, hasa chini, kwenye fremu na boliti, pale ambapo hapaonekani.

Tuna neno pia juu ya maji. Tumewaona wenzetu wakiingiza pikipiki ndani ya wadi na kuiosha humo kwa sabuni, na wengine kando ya falaji. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza falaji tano za Omani katika orodha ya urithi wa dunia, na utaratibu wake wa kale unajulikana: pahala pa kwanza maji yanapotokeza ni pa kuteka ya kunywa, kuoga kunafuata chini yake, na mashamba baadaye. Grisi na mafuta ya injini hayana nafasi katika mpangilio huo. Na hata mjini, sehemu kubwa ya maji ya Muscat ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi kwa gharama kubwa. Sisi tumeacha kuuacha mpira ukimwagika tunapotafuta dodoki.

Pikipiki yetu sasa imepauka na hatuioni haya. Kila inapooshwa, mmoja wetu hulala chini na tochi kutazama boliti, breki na kutu mpya, na kijana wetu ndiye mwenye kazi ya ndoo. Mkono umepona. Ufunguo, hata hivyo, unakaa kwa mama yake, na hautoki mpaka yeye mwenyewe apitishe kidole juu ya diski.