Nani alimwona mjusi wa Tendaguru?

Wiki hii tuzungumze juu ya picha. Siyo picha za kamera, bali zile za wanyama wa kale waliotoweka kabla binadamu hajakuwako duniani kuwatazama. Watoto wetu wanaziona kwenye vitabu, kwenye fulana na kwenye sinema: dinosaria wa kijani au wa kijivu, ngozi ina makunyanzi, shingo ndefu kama mnazi. Mtoto akiuliza, "Baba, huyu mchoraji alimwona wapi?", wengi wetu tunabaki kukohoa.

Swali hilo linatuhusu hasa sisi, kwa sababu mmoja wa wanyama hao wanaochorwa sana duniani ni wa mkoa wa Lindi. Aliishi Tendaguru yapata miaka milioni 150 iliyopita, na wengi tunamwita mjusi tu. Uchimbaji mkubwa ulifanyika kati ya mwaka 1909 na 1913, ukiongozwa kwanza na Wajerumani wawili, Werner Janensch na Edwin Hennig, huku msimamizi mkuu wa vibarua akiwa Boheti bin Amrani. Wapagazi waliibeba mifupa hadi Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, ikapakiwa melini. Mwaka 1937 ilisimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, na hadi leo iko huko, sasa ikiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Suala la kuirudisha tuliache kwa leo.

Mchoraji makini huanza na mifupa hiyo. Penye misuli, mfupa huwa na makovu na matuta, mahali kano zilipojishikiza. Aliyewahi kuchambua kuku vizuri ameyaona. Basi mchoraji huyasoma makovu hayo, kisha huwaendea mamba na ndege, ambao ndio ndugu wa karibu wa dinosaria walio hai, akatazama misuli yao inavyopita. Ndipo anavika nyama, halafu ngozi. Kila hatua akisogea mbali na mfupa, kukisia kunaongezeka.

Na makisio yamewahi kuwapeleka wakubwa kombo. Kwa miaka mingi mjusi wetu alichorwa ndani ya maji. Picha mashuhuri ya namna hiyo aliichora Zdeněk Burian, Mcheki, mwaka 1941: mnyama amesimama katika maji ya kina kirefu, kichwa tu ndicho kinachotokeza juu kuvuta pumzi. Sababu zake zilionekana za maana. Mnyama mzito vile angejimudu vipi nchi kavu? Tena matundu ya pua kwenye fuvu yako juu, karibu na macho.

Mwaka 1951 Kenneth Kermack alionyesha ubaya wa picha hiyo. Mzamiaji yeyote wa mwambao wetu anajua jinsi maji yanavyobana kifua kadiri unavyokwenda chini. Mapafu ya mnyama huyo yangekuwa mita kadhaa chini ya kichwa chake, na kwa kina hicho kifua kisingeweza kutanuka kuvuta hewa ya juu. Angekufa kwa kukosa pumzi, huku pua yake iko nje! Nyayo za jamaa zake zilizogeuka mawe nazo zinaonyesha miguu iliyokaribiana chini ya mwili, bila mchirizi wa mkia. Hata Berlin walilazimika kurekebisha. Mwaka 1937 walikuwa wamempinda viwiko kama mjusi kafiri. Alipofunguliwa tena kwa umma mwaka 2007 miguu ilikuwa imenyooka kama ya tembo, mkia uko juu.

Kinachonishangaza zaidi ni uzito. Mwaka 1962 Edwin Colbert wa Marekani alitaja tani 78, na tarakimu hiyo ikanakiliwa vitabu kwa vitabu. Aliipataje? Alipima ujazo wa sanamu ndogo ya mnyama, akazidisha. Maana yake ni kwamba unene aliompa fundi wa sanamu ndio uliotoa jibu la kisayansi. Mwaka 2009 Mike Taylor wa Uingereza alipata kama tani 23 tu kwa mnyama huyo huyo. Mifupa ya shingo na mgongo ina mapango yaliyokuwa na hewa, kama ilivyo kwa ndege, na mwili wenyewe haukuwa pipa. Ndiyo kusema mkono wa mchoraji si wa pambo tu.

Na pua je? Mwaka 2001 Lawrence Witmer alilinganisha mafuvu na wanyama walio hai akaeleza kwamba tundu la nyama lilikuwa mbele, karibu na mdomo, hata kama tundu la mfupa liko juu. Picha zote za zamani zilipaswa kuchorwa upya uso.

Kuhusu rangi, yako mambo ambayo nisingeyaamini zamani. Mwaka 2010 wataalamu walichunguza manyoya ya dinosaria wadogo wa China kwa hadubini, wakakuta chembe za rangi zimehifadhiwa. Mmoja, Sinosauropteryx, alikuwa na mkia wa mistari, wekundu wa kutu na weupe. Kwa mjusi wa Lindi ushahidi wa namna hiyo haupo, hivyo ukimwona wa kijani au wa madoa kama twiga, hiyo ni hiari ya mchoraji, na si kosa.

Kosa ni kumweka kwenye mbuga ya nyasi na migunga, eti kwa kuwa ni wa Afrika. Wakati ule nyasi hazikuwako, wala ua hata moja. Tendaguru ilikuwa pwani: maji yakijaa na kupwa, mchanga wenye makombe, na bara kidogo misitu ya jamii ya misonobari na kangaga chini yake. Kijana wa Mtwara au Lindi anayejua kuchora, ambaye ameona maji yakipwa asubuhi na matope yakabaki yanang'aa, ana pa kuanzia. Vipimo vya mifupa vilichapishwa zamani na Janensch mwenyewe.