Moto, Mwinuko na Nyama ya Nakuru

Mpishi aliyezoea kupika nyama ya ng'ombe Mombasa, akihamia Nakuru na kuitia nyama ya namna ile ile katika sufuria ile ile kwa muda ule ule, atastaajabu kuiona ingali ngumu, na huenda akamlaumu mwenye bucha bila ya haki. Kwani mji huu umekaa kiasi cha meta 1,850 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo kanieneo ya hewa ni ndogo na maji huchemka kwa takriban digrii 94 za Selsiasi badala ya 100, na hata moto uchochewe vipi, hararati ya mchuzi haipandi zaidi ya hapo.

Upungufu huo una athari kubwa. Nyuzi za nyama huanza kunywea zipatapo digrii 50 na ushei, na zikikaribia 65 hukaza na kutoa maji yake. Lakini utando mweupe uzifungao, ambao ni mwingi katika goko, shingo na kidari cha ng'ombe aliyetembea sana malishoni, hauyeyuki kuwa ute ila kwa joto lipitalo digrii 70 likidumu kwa masaa, na kadiri joto lilivyo dogo ndivyo kazi hiyo ichukuavyo muda zaidi. Kwa hiyo goko hukaza kwanza, kisha likalainika, na anayeliepua katikati ya safari hiyo hulipata katika hali yake mbaya kuliko zote. Sarara, isiyo na utando mwingi, sharti iepuliwe mapema. Kwa goko, mwenye sufuria ya presha amepata dawa, maana humo joto hupita digrii 110.

Katika nyama choma, rangi ni shahidi dhaifu. Kipimajoto ndicho cha kuaminiwa. Pande zima lifike digrii 63 katikati, kisha lipumzishwe dakika 3 kabla ya kukatwa, na kisu kipite kukingama nyuzi. Nyama ya kusaga ifike 71, kwa sababu vijidudu vilivyokuwa juu yake vimekwisha kuchanganywa ndani.

Ama nyama ya porini, ya swala na pofu, haina mafuta mengi ndani yake, hivyo hukauka upesi motoni. Lakini Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza biashara ya nyama hiyo. Fauka ya hayo, mwaka 2015 nyati zaidi ya 100 walikufa kwa kimeta katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru, na mbegu za maradhi hayo hustahimili joto la mapishi ya kawaida, mbali na kwamba anayemchuna mnyama na kuikata nyama huweza kuambukizwa kabla jiko halijawashwa. Basi, ewe msomaji, ukiletewa mlangoni nyama isiyo na muhuri wa mkaguzi, usiinunue hata kwa bei ya bure, wala usiiguse. Mpashe habari afisa wa mifugo aliye karibu nawe.