Ukienda New York, usiikose Studio Museum ya Harlem

Ndugu zetu wengi wakitembelea New York huishia Times Square, wakapiga picha, wakarudi. Safari hii pandeni treni namba 2 au 3 mkashuke Mtaa wa 125, Harlem. Mwendo mfupi tu kutoka ukumbi wa Apollo lipo Studio Museum, jumba la sanaa za watu weusi lililoanzishwa mwaka 1968, wakati makumbusho makubwa ya jiji yakiwapa mgongo wasanii hao. Lilifungwa 2018 kupisha ujenzi, na jengo jipya likafunguliwa Novemba 15, 2025.

Jina hilo si pambo. Kila mwaka wasanii wachache hupewa studio wafanye kazi zao. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa mmoja wao 2003 hadi 2004, kabla jina lake halijavuma hivi.

Mkiwa nje, tazameni bendera ya David Hammons: ya Marekani, lakini rangi zake nyekundu, nyeusi na kijani. Wenye watoto waliozaliwa huku, jiandaeni kwa maswali! Jumapili kiingilio ni bure, ila foleni msiilaumu. Angalieni kwanza saa za kufungua kwenye tovuti yao.